Sura ya Sita: Yule wa Nyuzi Nne

Wapenzi wa dansi huuliza swali hili mara kwa mara, na wengi huliuliza kwa aibu kidogo: yule bwana anayesimama nyuma karibu na drams, mwenye gitaa refu la nyuzi nne, kazi yake hasa ni nini? Mwimbaji tunamwona. Mpiga solo tunamtunza noti anapopandisha. Wa tarumbeta akipuliza, ukumbi mzima unageuka. Huyu wa nyuma vidole vinatembea, uso umetulia, na wimbo ukiisha hakuna anayepanda jukwaani kumtunza.

Majirani wa kumbi wanaweza kutoa jibu la kuanzia. Mtu aliyepanga chumba karibu na ukumbi Kinondoni au Chang'ombe, usiku wa manane wa Jumamosi, hasikii maneno ya mwimbaji wala solo. Kinachomfikia kitandani ni besi. Sababu yake si ngumu. Sauti husafiri hewani kwa mawimbi, na kadiri sauti inavyokuwa nene ndivyo wimbi lake linavyokuwa refu. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa kidole, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde moja, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba cha kupanga hakifiki hapo. Ukuta wa tofali huzuia sehemu kubwa ya sauti nyembamba, lakini sauti nene hupenya.

Jambo hilo hilo linaamua mengi katika maisha ya mpiga besi, hata fedha zake, kama tutakavyoona mbele.

Anachokifanya

Gitaa la besi la umeme lina umri mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Leo Fender, fundi wa Marekani, alianza kuliuza mwaka 1951. Kabla yake wapigaji walisimama na besi la mbao lenye kimo cha mtu mzima, ambalo huwezi kulipandisha kwenye basi bila kugombana na kondakta. Chombo kipya kilikuwa chepesi, kilichomekwa kwenye amplifaya (mashine ya kukuza sauti), na sauti yake ilisikika hadi mlangoni.

Kazi yake ni mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kutunza mwendo pamoja na drams, wimbo usikimbie wala usilegee. Ya pili ni kuwaonyesha wenzake njia. Magitaa na waimbaji wanapohama kutoka sauti moja kwenda nyingine, besi ndiyo inayowaambia sasa tuko wapi. Mwimbaji akipotea, husikiliza besi ili arudi. Mpiga besi akipotea, jukwaa zima limepotea.

Namna ya kuifanya kazi hiyo hutofautiana na aina ya muziki. Gonga mguu chini uhesabu moja, mbili, tatu, nne, halafu urudie. Katika roki ya Uingereza, besi mara nyingi hutua kwenye "moja" pamoja na ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Inatua kwa uzito, na mwili unajua pa kukanyaga. Wacuba walikuwa na njia nyingine. Kwao besi hugonga kwenye "nne" na kuiacha sauti ielee juu ya "moja". "Moja" ikifika, besi imeshatangulia, na kiuno kinalazimika kuifuata. Rumba hiyo ilifika pwani yetu kwenye santuri za Kicuba zenye alama ya GV, ikasikilizwa kwenye gramafoni tangu enzi za ukoloni, na vijana walioanzisha bendi za dansi wakaikariri kwa masikio.

Sikiliza basi wimbo wowote mrefu wa bendi za Msondo au Sikinde. Sehemu ya kwanza ni ya kuimba, taratibu. Hapo besi hutoa sauti chache: mbili, tatu, kisha kimya kifupi ambamo maneno yanapata nafasi. Kimya hicho kinahitaji ustadi zaidi ya kupiga. Kisha wimbo unafika kwenye chemko, yaani sehemu ya pili ya kasi ambako waimbaji wanapunguza maneno na magitaa yanachukua uwanja. Mara besi inaanza kutembea, inajibizana na tumba, inarudia mfuatano uleule wa sauti sita au saba dakika nyingi bila kuchoka, huku ikibadilisha kitu kidogo kila baada ya mizunguko kadhaa. Mchezaji uwanjani hajui kwa nini ghafla ameongeza mwendo. Ameongezwa mwendo na besi.

Si bahati tu kwamba bendi hizo mbili kubwa zimebeba majina ya ngoma. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa eneo hili tangu Dar es Salaam haijawa jiji. Msondo nayo ni ngoma ndefu ya kusimama. Bendi za umeme ziliporithi majina hayo, zilihitaji chombo cha kuchukua nafasi ya ngoma nene inayoshikilia duara la wachezaji. Kwa masikio yangu, kazi hiyo ilichukuliwa na besi kuliko drams.

Mpiga besi unayemjua bila kujua jina lake

Kuna mpiga besi mmoja Mtanzania ambaye karibu kila Mswahili mtu mzima amewahi kumsikia, na huenda hata leo asubuhi alimsikia kwenye redio ya daladala. Jina lake ni Tom Malanga. Besi ya "Sina Makosa" ya Les Wanyika ni yake.

Safari iliyomfikisha hapo ni safari ya wanamuziki wengi wa kizazi chake. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, walianzia Tanga, wakapita Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka kwenda Nairobi, ambako bendi yao ikajulikana kama Simba Wanyika. Nairobi ilikuwa na kitu ambacho Dar haikuwa nacho: viwanda vya kuchapa santuri na makampuni ya kuziuza. Huku kwetu bendi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na nyimbo zikaishi hewani. Huko, wimbo uliweza kuwa bidhaa dukani.

Malanga alishika besi Simba Wanyika. Mwaka 1978 yeye na baadhi ya wenzake, akiwemo mpiga gitaa la ridhimu Omar Shabani na mpiga drams Rashid Juma, wakajitoa na kuanzisha Les Wanyika. John Ngereza akawa sauti yao kuu. Kumbuka hali ilivyokuwa: mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Vijana hawa walianzisha bendi ya Kiswahili upande wa pili wa mpaka uliofungwa, wakiwa mbali na kwao, na mwaka uliofuata wakatoa wimbo ambao haujazeeka.

Usikilize tena, lakini safari hii mwache Ngereza aimbe peke yake. Fuata chini. Gitaa la ridhimu la Omar Shabani linakatakata kwa sauti kavu, bila kupumzika. Besi ya Malanga haishindani nalo. Inaingia, inasema sentensi fupi, inanyamaza, inarudi, na kile kimya chake kinaanguka mahali palepale kila mara, mpaka sikio linaanza kukisubiri. Mtu akikuimbia "Sina Makosa" kwa mdomo, bila kukusudia ataimba na besi. Nyimbo za bara hili ambazo watu huimba besi zake si nyingi, na huu ni mmoja wao. Hata hivyo uliza kijiweni Tandika au Manzese besi ile kapiga nani. Watakutajia Ngereza.

Vyombo ni vya nani?

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya maisha ya mpiga besi wa Dar na ya mwenzake wa Ulaya. Haihusu vidole. Inahusu mali.

Kwa wanamuziki wa dansi, neno "vyombo" lina maana pana: magitaa, drams, spika, amplifaya, vipaza sauti, nyaya, vyote. Kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980, vyombo hivyo kwa sehemu kubwa vilikuwa mali ya taasisi. Tazama orodha hii fupi:

- Nuta Jazz, 1964: chama cha wafanyakazi. Jina likabadilika kila chama kilipobadilika, kuwa Juwata, kisha OTTU, hadi leo Msondo Ngoma.
- Vijana Jazz, 1971: umoja wa vijana wa chama tawala, Kinondoni.
- Urafiki Jazz: kiwanda cha nguo cha Urafiki.
- Bima Lee: Shirika la Bima.
- UDA Jazz: shirika la mabasi ya jiji.
- Mlimani Park, yaani Sikinde, 1978: shirika la usafirishaji na teksi, na kuanzia 1983 DDC, shirika la maendeleo la jiji.

Jeshi, Polisi na Magereza walikuwa na bendi zao pia, na mikoani hali ilikuwa hiyohiyo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alipata mshahara, alikuwa na mahali pa kufanyia mazoezi, na gitaa alilopiga lilikuwa la mwajiri. Mpango huo ulikuwa na heri yake, na sikubaliani na wanaoudharau. Ulimpa kijana asiye na senti nafasi ya kushika chombo ambacho asingeweza kukinunua maisha yake yote, hasa katika miaka ile ya uhaba wa fedha za kigeni ambapo hata uzi mmoja wa besi ulikuwa wa kutafutwa. Muziki mzuri wa dansi tunaouringia leo ulitoka humo.

Lakini asiye na chombo hawezi kuondoka peke yake. Anaondoka pale tu anapotokea mwenye vyombo vingine. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliinyang'anya Mlimani Park baadhi ya nguzo zake, wakiwemo waimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka. Mji ulitikisika. Ndivyo bendi zilivyozaliwa na kufa: mwenye vyombo akitaka kuanza, wanamuziki wanahama, akifunga stoo, wanamuziki wanatawanyika.

Katika mchezo huo mpiga besi alikuwa mnyonge kuliko wote, na sababu inaturudisha kwenye lile wimbi la mita 8. Kuisukuma sauti nene hewani kunahitaji nguvu nyingi na spika kubwa. Mwimbaji anahama na koo lake. Mpiga tarumbeta anabeba chombo mkononi. Wa solo akipata amplifaya ndogo ya kuazima, anasikika. Mpiga besi akienda na amplifaya ndogo, atatoa mlio wa kukoroma na kuipasua spika ya mtu. Anahitaji mashine nzito kuliko zote jukwaani, nayo ni ghali.

*Kwa kifupi mpaka hapa:* besi hushika mwendo na kuonyesha njia. Husikika mbali kuliko vyote, ila mpigaji wake hajulikani. Na kwa sababu chombo chake na mashine yake ni vya mwingine, hatima yake ya kazi imo mikononi mwa mwenye vyombo.

Wimbo ni wa nani?

Jambo la pili ni jasho la utunzi. Katika bendi zetu mtunzi huja mazoezini na maneno na namna ya kuyaimba. Basi. Kuanzia hapo kila mmoja anatafuta sehemu yake: wa solo anatafuta, wa ridhimu anatafuta, wa besi anatafuta. Michael Enoch, yule King Michael wa Dar es Salaam Jazz na baadaye Mlimani Park, alisifika kwa kuyakusanya hayo na kuyapanga yakawa wimbo. Wimbo ukitoka, jina linalotajwa ni la mtunzi wa maneno. Ile besi ambayo watu wanaicheza haina mwenyewe.

Linganisha na mpiga besi wa roki wa Uingereza, John Deacon, wa bendi ya Queen. Nimemchagua yeye kwa sababu mwimbaji wake anatuhusu: Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Deacon alizaliwa Leicester mwaka 1951, akasomea elektroniki chuoni London, na akawa wa mwisho kujiunga na bendi hiyo, mwaka 1971. Jukwaani alikuwa mpole, mkimya, wa nyuma. Aliokota bodi ya umeme iliyotupwa, akaiunda ikawa amplifaya ndogo ambayo mpiga gitaa wao, Brian May, aliitumia miaka na miaka kwenye kurekodi. Mafundi wa redio wa Gerezani wangeelewana naye siku ya kwanza.

Lakini Deacon alikuwa na kitu ambacho wapiga besi wetu hawakukipata: kila wimbo aliotunga ulikuwa na jina lake. Mwaka 1980 alitoa "Another One Bites the Dust", wimbo uliojengwa juu ya besi tangu sekunde za mwanzo, ukashika namba moja Marekani. Mwaka 1984 akatoa "I Want to Break Free". Kisha, mwaka 1989, wanne hao wakakubaliana kwamba nyimbo za albamu yao ya *The Miracle* zisajiliwe kwa jina la bendi nzima, na hivyo ubishi wa nani kafanya nini ukapungua. Mercury alifariki Novemba 1991. Deacon aliacha muziki mwaka 1997 na kukaa kimya nyumbani. Hakulazimika kurudi jukwaani kutafuta kula, kwa kuwa mtunzi huendelea kulipwa kila wimbo wake unapochezwa.

Sasa mtazame Gurumo, ambaye si mpiga besi bali mwimbaji, na mwimbaji mkubwa kuliko wengi. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013 baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba, hakuwa na gari. Diamond Platnumz, kijana wa Bongo Fleva, ndiye aliyempa. Alifariki Aprili 2014. Kama hali ya mwenye jina ilikuwa hiyo, ya mpiga besi asiyetajwa hata na mtangazaji wa redio tunaweza kuikisia. Linaniuma jambo hili, na sioni sababu ya kulificha.

Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1966, lakini haikumfikia mtu wa jukwaani. Ile ya mwaka 1999, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ndiyo iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo. Jina la sheria hiyo linahitaji maelezo. Hakimiliki ni haki ya mtunzi. Hakishiriki ni haki ya waliocheza na kuimba katika kazi iliyorekodiwa, hata kama hawakuitunga. Mpiga besi anaingia hapo, kwenye neno la pili, ambalo wengi hulipita haraka wanaposoma.

Besi bila mpiga besi

Miaka ya 1990 ilibadilisha kila kitu kwa mkupuo. Mashirika ya umma yakayumba, mengine yakafungwa au kuuzwa, na bendi zikabaki zikitegemea mapato ya mlangoni. Redio binafsi zikaanza. Studio za kompyuta zikafunguliwa, Bongo Fleva ikazaliwa, na ndani yake besi inapigwa kwa kinanda au kubonyezwa kwenye programu. Nyimbo nyingi zinazotikisa mabega ya vijana leo Temeke zina besi nzito kuliko ya Msondo, na hakuna kidole kilichogusa uzi.

Wapigaji hawakuisha. Keppy Kiombile aliendelea kushika besi la Kilimanjaro Band, Wana Njenje, na aliyekwenda kumsikiliza alielewa kwa nini bendi ile iliweza kutoka kwenye rumba hadi kwenye mdundo wa Tanga bila kukatika. Suleiman Mwanyiro, ambaye mashabiki wa Msondo walimbatiza Computer, ana heshima kubwa hadi leo kwa wanaoijua kazi hii. Na vijana wapo. Wengi wanajifunzia kanisani, ambako kuna vyombo, mazoezi katikati ya wiki na ibada kila Jumapili. Wengine wapo bendi za hotelini, wengine wamepita chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo.

Kijana anayeniuliza aanzie wapi, namwambia anunue besi lake mwenyewe hata la mtumba, kabla ya simu kubwa na kabla ya viatu vya jukwaani. Anapoitwa studio, kabla hajachomeka waya, aulize jina lake litaandikwa wapi na kama kipande anachokibuni kitahesabiwa kuwa sehemu ya utunzi. Mwenye studio akikunja uso, na akunje. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, yasainiwe na wote waliomo chumbani.

Na kuna kazi isiyohitaji besi wala studio. Nyimbo za RTD sasa zinasambazwa kwenye simu na mitandao kwa maelfu, zikiwa na jina la bendi, jina la mwimbaji, na mara nyingine mwaka uliokosewa. Waliokuwepo siku ya kurekodi baadhi yao wangali hai, Magomeni, Mbagala, Mabibo, Yombo, na wanakumbuka nani alikuwa ameshika nini. Waulizwe wimbo kwa wimbo, jina la mpiga besi liandikwe pembeni ya jina la mwimbaji, na kazi hiyo ianze mwaka huu, kwa kuwa wengi wao wamevuka miaka 70.